Kinachobaki Mwisho wa Mwezi

3 Machi

Dada,

Nakuandikia kwa mkono kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "tupo, tunashukuru," halafu salio linaisha. Safari hii nataka jibu refu. Bahasha hii naipeleka mwenyewe ofisi ya vifurushi pale stendi, na yako uilete kwa njia hiyo hiyo. Karani wa huku ananifahamu, nimesoma mita ya maji ya kwao miaka na miaka.

Imebaki miezi miwili nistaafu. Tarehe thelathini Aprili narudisha sare, tochi na ule ufunguo wa kufungulia vifuniko vya mita. Miaka thelathini na minne ya kuinama kwenye nyua za watu na kukimbizwa na mbwa, basi tena. Sasa nina swali moja linalonizunguka kichwani: mstaafu akishakula, akalipa maji, umeme na dawa, anatakiwa abakiwe na kiasi gani ndipo aseme anaishi vizuri?

Nimeanza kuwauliza wastaafu wote wa mtaa ninaoupitia. Najifanya naandika namba polepole, kisha natupia swali. Yule karani wa benki mwenye geti jeusi alinijibu haraka kwamba angebakiwa na mara mbili ya kinachobaki sasa, angetulia. Mkewe akasikia kutoka jikoni, akasema hata kilipokuwa nusu ya hiki alisema hivyo hivyo. Mzee akanitazama kama mimi ndiye niliyesema.

Aliyekuwa mpishi wa hosteli hakutaja namba. Alisema yeye anataka abakiwe na kiasi cha kumkaribisha mtu chai bila kuhesabu vijiko vya sukari. Akanikaribisha chai, na nilimwona akihesabu.

Mwalimu mkuu aliyestaafu, yule wa nyumba ya kona, aliniambia kila kitu kinamtosha isipokuwa meno. Bajeti aliyoipanga alipokuwa na miaka hamsini na tisa haikuwa na meno ndani yake.

Unaona basi, kila nyumba na jibu lake. Ndiyo maana nakuuliza wewe, mkunga wangu, uliyestaafu miaka minane sasa na sijakusikia ukilia shida hata siku moja. Nitajie zako, kinachoingia na kinachotoka. Kazini wananipa njia mbili: nichukue mafao yote kwa mkupuo, milioni kumi na nane, au nichukue sita sasa na laki moja na sabini kila mwezi hadi nife. Mwanangu, huyu mwanao wa hapa kwangu, anashikilia nichukue zote tujenge vyumba sita vya kupangisha kwenye kile kiwanja. Ananipigia mfano wako, ulivyochukua mafao yote ukamnunulia mpwa wangu lile lori. Bado natafakari.

Mdogo wako,
Msoma Mita

12 Machi

Mdogo wangu,

Barua imefika, imekunjwa kama kitambaa cha mtoto mchanga. Nimecheka sana na yule wa benki. Mke wake nampenda bila kumwona.

Nimelichukua swali lako hadi kliniki ya presha, maana Jumanne foleni yote pale ni wastaafu. Fundi redio mmoja aliyekaa pembeni yangu alisema anataka abakiwe na elfu ishirini. Nikamuuliza kwa nini ishirini hasa. Akasema akibakiwa na ishirini binti yake hamuulizi kitu, na ikishuka chini ya hapo binti anaanza kumletea chakula kwenye mabakuli, na yeye hayapendi yale mabakuli. Haya, mwandike.

Zangu ni hizi. Lori linaniletea laki mbili na arobaini kwa mwezi. Chakula tisini. Maji thelathini na nne. Umeme kumi na tano, dawa ishirini na mbili, gesi ishirini, taka tano, simu sita. Jumla laki moja na tisini na mbili. Zinabaki arobaini na nane. Naishi vizuri, asante.

Lori linaenda. Mwanangu yuko safarini siku nyingi, huwezi kumpata kwa simu, usijisumbue kumpigia.

Msalimie wifi yangu. Goti langu liko vile vile.

Dada yako,
Mkunga

20 Machi

Dada,

Nilisoma barua yako nimesimama, nikairudia nimekaa. Arobaini na nane si haba. Nimemsomea mwanao, akapiga meza kwa furaha, akasema unaona, Shangazi alichukua zote na hajajuta.

Ila kuna kitu kimenikaa vibaya, na unisamehe, ni ugonjwa wa kazi. Maji elfu thelathini na nne. Nimeuliza ofisini, huko kwenu nako yuniti moja ni elfu mbili. Maana yake unatumia yuniti kumi na saba kwa mwezi. Dada, yuniti moja ni ndoo kubwa hamsini. Mtu mmoja anayepika, anayeoga na kufua nguo zake hutumia tatu, akiwa mbadhirifu nne. Nimesoma mita za nyumba zenye watoto watano na hazifiki kumi na saba.

Kuna mambo mawili hapo. La kwanza, bomba linavuja chini ya ardhi. Jipime hivi: siku unapotoka kwenda sokoni, funga mabomba yote, andika namba nyekundu za mwisho kwenye mita, ukirudi uziangalie. Zikiwa zimesogea, niandikie nije na vifaa. La pili, umeolewa na mtu mwenye familia kubwa na hujatuambia. Kama ni hilo, nalo niandikie.

Kuhusu uchunguzi wangu, nimempata mjane mmoja aliyekuwa akipiga chapa mahakamani. Yeye anabakiwa na elfu tisa tu na anasema ndiyo miaka mizuri kuliko yote aliyoishi. Nikataka kujua siri yake. Akasema marehemu mume wake alikuwa akibakiwa na laki, na zote zilikuwa zake yeye mume. Hizi tisa ni za huyu mama peke yake. Nimeandika hilo na sijui niliweke fungu gani.

Mdogo wako,
Msoma Mita

27 Machi

Mdogo wangu,

Nimefunga mabomba, nimeenda sokoni, nimerudi. Namba hazijasogea. Bomba langu ni zima na sijaolewa. Achana na maji yangu.

Sasa zamu yangu kuuliza. Kazi yangu nayo ilikuwa na ugonjwa wake. Mama akija anauliza dalili za kitu ambacho tayari anajua anacho, nilikuwa simjibu, namgusa tumbo. Maswali yako ni ya mtu aliyekwishameza dawa, ndipo anasoma karatasi iliyokuwa ndani ya kopo. Unasema unatafakari. Mwanao anapiga meza kwa furaha. Mtu hapigi meza kwa furaha juu ya jambo linalotafakariwa.

Umeshatia sahihi?

Nijibu hilo tu. Usiniandikie habari za wajane.

Dada yako

1 Aprili

Dada,

Nimetia sahihi. Ni tangu tarehe ishirini na nne Februari, siku saba kabla ya kukuandikia barua ya kwanza. Nimechukua zote kwa mkupuo. Mwanao alikuja ofisini na kalamu yake mwenyewe.

Sikukusudia kukudanganya. Nilipotoka pale nilijisikia vizuri hadi kufika kwenye ngazi, kisha nikaanza kuwaza. Nikasema ngoja niulize watu, nikikuta kumi wanasema nimefanya vyema nitalala usingizi. Sijawapata kumi. Wewe ulikuwa wa kwanza kuniambia jambo linaloeleweka: mafao yote, gari moja, mtoto mmoja mwenye akili, na arobaini na nane zinabaki. Nimeikunja barua yako naiweka mfuko wa sare.

Wifi yako anajua nusu. Anajua nastaafu, hajui kwamba hakutakuwa na kitu cha kila mwezi. Aliponiuliza nilimwambia mambo ya ofisi ni marefu.

Kwenye fomu wameandika kwamba mtu anaweza kubadilisha mawazo hadi tarehe kumi na tano Aprili. Nakuomba uniandikie neno moja, kwamba nimefanya vyema. Nikilipata kutoka kwako namweleza mke wangu yote, na jambo linakwisha.

Mdogo wako

5 Aprili

Mdogo wangu,

Nenda kabadilishe. Acha kusoma hapa, nenda, utamalizia ukirudi.

Lori halipo. Liliuzwa kama chuma chakavu miaka mitatu iliyopita. Mwaka wa kwanza lilileta pesa kweli, mwaka wa pili likala injini, wa tatu likala deni la injini. Mwanangu hakuiba, hakunywa, usimfikirie hivyo. Alilala chini ya lile gari na kurunzi mdomoni hadi akapata kikohozi. Siku alipokuja kuniambia limeuzwa hakuingia ndani, alisimama mlangoni kama mtu aliyeleta taarifa ya msiba. Sasa anafanya kazi ya kupakia mizigo mji mwingine, na haji kwa sababu anaona aibu. Nami nikaona nikiwaambia ninyi, hatarudi kabisa. Basi nikaliacha lori liendelee kutembea kwenye maneno yangu. Halikumdhuru mtu. Sikujua kwamba ipo siku wewe utalipanda.

Maji yangu ni mashuka. Nawafulia nyumba ya wageni iliyo mtaa wa pili. Mashuka kumi na tano kwa siku, siku sita kwa wiki, mia tano kila shuka. Nafua asubuhi uani, yakikauka napiga pasi, saa kumi na moja jioni napeleka na kikapu. Inanipa laki moja na tisini na tano. Ile hesabu niliyokuandikia jumla yake ni ya kweli, nimebadilisha majina tu. Sili chakula cha tisini, nala cha sabini, na gesi ni kumi na mbili. Elfu ishirini na nane za sabuni ndizo nilizificha humo. Ulipata yuniti zangu lakini sabuni ilikupita.

Kwa hiyo hubaki elfu tatu. Ukiniuliza kama naishi vibaya, nitakwambia hapana. Nashiba, sidaiwi, mikono inaniuma lakini usingizi nalala. Nilikaa na swali lako siku nyingi kuliko unavyodhani, huku nafua, nikijiuliza ni nini hasa ambacho elfu tatu hazinifanyii. Nimekipata. Mwaka jana binti yako alipoolewa, mlinipigia simu mara nne. Nikasema goti. Goti halikuwa na kitu. Nauli ya kuja na kurudi ilikuwa elfu arobaini, na sikuwa nayo, na nguo ya kuvaa nilikuwa nayo. Niliipiga pasi, nikaitundika, siku ile ya harusi nikaifua tena ingawa ilikuwa safi.

Hiyo ndiyo pesa ya ziada, kama bado unaandika majibu. Ni ile inayomwezesha mtu kusema "nakuja" kabla hajaanza kutafuta sababu.

Usinitumie kitu. Ukituma nitakirudisha kwa basi lile lile. Na mwambie mke wako leo, usingoje kesho.

Dada yako

18 Aprili

Dada,

Nimefika salama jana saa tisa. Wifi yako alikuwa stendi.

Nakuandikia yale ambayo sikuyasema siku saba zile nilizokaa kwako, maana uliniweka kwenye kamba ya kuanikia na mtu akiwa na vibanio mdomoni haongei. Barua yako niliipokea tarehe saba. Nilifanya ulivyoniagiza, niliiacha hapo hapo katikati nikaenda ofisini. Yule msichana wa mafao akaniambia wanaobadilisha ni wachache, akanipa fomu nyingine. Sasa ni milioni sita mara moja, kisha laki moja na sabini kila mwezi. Niliporudi nyumbani ndipo nikamalizia kusoma, na nilipofika kwenye ile nguo uliyoifua tena nilikwenda kukaa bafuni. Ulipofungua mlango tarehe kumi ukaniona na begi, ukaniuliza nani amekufa. Ni nguo ile iliyonileta.

Dada, mwaka mzima nilikukasirikia kwa ajili ya harusi. Nilimwambia mke wangu kwamba umekuwa na maringo tangu mtoto wako apate lori. Yeye siku ile ya harusi alikuwekea kiti mbele, akakaa karibu nacho bila kumruhusu mtu akikalie. Sasa nimemweleza yote, yangu na yako. Yako aliyasikiliza hadi mwisho. Yangu aliyakatiza. Alisema miaka thelathini amepanga chakula cha nyumba hii kwa mshahara wangu, kama kuna mtu wa kuulizwa kinatosha kiasi gani, ni yeye, nami nimewauliza watu wote wenye mita isipokuwa yeye. Kisha akachukua karatasi. Kwa hesabu yake tutabakiwa na elfu ishirini na mbili, na kati ya milioni zile sita tutajenga vyumba viwili, siyo sita, kimoja kimoja.

Mwanao alinuna. Siku tisa hakupiga simu. Jana amekuja na fundi kupima vyumba viwili.

Sasa biashara. Ulikataa pesa na nimekubali, lakini hukukataa hesabu. Nilipokuwa kwako nilisoma mita yako asubuhi na jioni, utanisamehe, ilikuwa likizo. Kila shuka linakunywa karibu ndoo mbili. Kwa shuka moja unalipa maji sabini, sabuni sabini, umeme wa pasi kama thelathini. Yaani katika zile mia tano, mia na sabini ni zako zinarudi kwao. Unawafulia na kuwanunulia maji. Siku ile niliyosema naenda kunyoa nilipita kwa madobi watatu wa mjini kwenu nikajifanya nina mashuka. Wa bei ya chini kabisa anataka mia tisa. Nakushauri uende kwa meneja, useme mia nane. Nambie pia kama utaweza kufua kumi kwa siku badala ya kumi na tano, maana ile mikono niliiona ulipokuwa unamenya viazi.

Nimempata mpwa wangu kwa simu, usikasirike. Sikumtajia lori. Nilimuuliza wanalipwaje kwa gunia, akaanza kueleza, tukaongea nusu saa. Mwishoni akaniuliza, "Mama anasemaje?" Nikamwambia anasema upige.

Mdogo wako

6 Juni

Mdogo wangu,

Nimechelewa kwa sababu nilitaka mwezi uishe kwanza nikuandikie kitu cha uhakika.

Meneja yule ni kijana mpole, shida yake ni kwamba hajawahi kufua shuka. Nilipomwambia mia nane alicheka akidhani nimetania. Nikamsomea karatasi yako, ndoo, sabuni na pasi. Akaniuliza nani amenipigia hizi hesabu, nikasema mtu wa idara ya maji. Uso ukabadilika kidogo. Akasema atafikiria. Nikaacha kikapu kitupu juu ya kaunta nikarudi nyumbani.

Siku ya kwanza hakuna mtu. Siku ya pili hakuna mtu, nikaanza kuwaza kwamba mdogo wangu amenipotezea kazi, nikakutukana kidogo wakati nafagia. Siku ya tatu mhudumu wao alikuja na kikapu, mashuka kumi na tano, akasema meneja amekubali. Nikahesabu kumi, nikamrudishia matano. Akasema ni kumi na tano au basi. Nikamwambia basi. Akaondoka na vyote, na saa mbili baadaye akarudi na kumi. Matano yanakwenda kwa mama mmoja jirani, naye nimempa bei yetu asije akaniharibia.

Saa sita mchana nimemaliza kazi. Siku za mwanzo nilikuwa sijui nikae upande gani wa nyumba.

Mwanangu amepiga. Alianza kusema habari ya lori, nikamwambia lori tumeshalizika, nieleze unakula nini huko. Anakuja mwezi wa nane. Amesema atakaa siku mbili, na nimeshaanza kumbembeleza ziwe nne.

Mwezi umeisha na zimebaki elfu thelathini na tatu na kidogo. Nilizipanga mezani nikazitazama. Fundi redio wa kliniki nilipomwambia akanipa mkono kama nimefaulu mtihani, kwa hesabu yake nimevuka mabakuli. Nilifikiria sufuria, sikuihitaji. Nilifikiria kuziweka, na kweli nilikwenda zangu nikijua naziweka, ila miguu ikanipeleka stendi.

Pale kuna basi la kijani linaloondoka saa nne asubuhi. Miaka yote naliona likipita nyuma ya ua wangu na sijawahi kujua linakwenda wapi. Nikamuuliza mkata tiketi. Akanitajia mji, sijawahi kuusikia. Nikauliza kuna nini huko. Akasema kuna kiwanda cha matofali, mto na daraja la miguu, na kwamba ndipo njia inapoishia. Nauli elfu saba.

Akaniuliza, "Unakwenda kwa nani, bibi?"

Nikamwambia sina mtu huko.

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

Nikaanza kucheka, na yeye akacheka, na watu wa foleni nyuma yangu wakawa wanatutazama. Nimekata tiketi za watu wawili, kwenda na kurudi, Alhamisi ya tarehe kumi na tisa. Uje Jumatano. Wifi amesema kwa simu kwamba hapendi kupanda basi bila sababu, kwa hiyo ni mimi na wewe. Nauli ya kufika kwangu ujilipie, wewe ni mtu wa pensheni.

Dada yako,
Mkunga